Kufuata Mto Usio na Maji: Kutoka Al Khoud Hadi Nizwa kwa Baskeli

Yote yalianza kwa picha. Mwanachama wetu wa zamani, ambaye siku hizi anasoma Ulaya, alitutumia picha kwenye kundi letu la simu: yeye na rafiki zake watatu juu ya baskeli, kushoto kwao Mto Danube, kulia bustani za matunda, na njia imetandikwa kama busati. Walitoka Passau, Ujerumani, wakateremka na mto mpaka Vienna, kiasi cha kilomita 320. Sehemu kubwa ya njia hiyo inafuata mapito ya zamani, ambako farasi walikuwa wakivuta mashua kwa kamba kuzipandisha dhidi ya mkondo. Chini ya picha ameandika: "Na nyinyi je, mto wenu uko wapi?"

Swali la uchokozi. Aliyeuliza anajua vizuri kwamba Oman haina mto kwa maana ya Rufiji au Tana, mto unaolala pale pale kiangazi na masika. Siku ya mkutano wa klabu tulilicheka swali lile, tukanywa chai, tukaanza kupanga mambo mengine. Ila mwenzetu mmoja wa Jiolojia hakucheka. "Mto tunao," alisema, "na mlango wake uko hapa Al Khoud, nyuma ya chuo. Tatizo lake ni maji tu."

Alikuwa anaisema Wadi Sumail.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba sitataja majina ya watu. Kila mmoja anajijua, na baadhi yao nitawasema vibaya kidogo. Tulikuwa wanne juu ya baskeli. Huyo wa Jiolojia nitamwita Mawe. Wa Uhandisi ni Fundi, ambaye kila kitu anataka kukifungua aone ndani mna nini. Wa tatu ni Daktari, bado hajawa daktari lakini tayari anatupangia tule nini. Wa nne ni mimi, msoma lugha, mwenye mapafu dhaifu kuliko wote. Wa tano hakupanda baskeli, naye ni Katibu wetu wa klabu, dada anayesoma Jiografia. Alibaki Al Khoud na simu na ramani, na kama si yeye nadhani makala hii ingeandikwa na mtu mwingine. (Na mimi naandika "baskeli", kama Bibi yangu anavyotamka. Mhariri asinisahihishe.)

Basi tukaanza na mabishano ya lugha, kama kawaida yetu. Wadi kwa Kiswahili ni nini? Kamusi zinatupa korongo, bonde, kijito, mto wa msimu. Korongo ni shimo lililochimbwa na maji, na tena ni ndege. Bonde linaweza kukaa miaka yote bila ya kuona tone. Kijito ni kidogo na kipole, ilhali wadi ikishuka inabeba lori. Mto wa msimu umekaribia, lakini msimu una miadi yake na wadi haina miadi na mtu. Mwalimu wetu mmoja alisikiliza yote haya kisha akauliza: "Nyumbani kwenu mnasemaje?" Tukajibu kwa pamoja: wadi. Leo wadi imeshuka. Wadi imekata njia. Akasema basi hilo ndilo neno, na wazee wetu walishalitia katika ngeli zamani, tusiwachoshe watu.

Wadi Sumail ni nini hasa? Milima ya Hajar imejipanga sambamba na pwani kama ukuta, na ukuta huo una mlango mmoja mkubwa, unaoitwa Pengo la Sumail. Upande mmoja ni Hajar ya Magharibi, upande wa pili ni Hajar ya Mashariki. Mlangoni humo ndimo inamopita wadi, ikikusanya maji ya mabonde chungu nzima, ikipita Sumail, Bidbid na Fanja, kisha ikikatiza mlima kwa njia nyembamba na kutokea Al Khoud na baharini Seeb. Barabara kuu ya Maskati na Nizwa imepita humo humo, kwa sababu hakuna kwingine kwepesi. Kabla ya barabara walipita humo ngamia na punda. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na kilomita 10 tu za lami.

Fundi akauliza swali la mtu mwenye akili: kwa nini tusipakie baskeli kwenye gari, tukaanzia Nizwa, tukateremka na mto kama Wazungu? Mawe akamjibu kwamba Nizwa haimo ndani ya Wadi Sumail hata kidogo. Ukifika karibu na Izki unavuka mgongo wa nchi, na maji ya upande wa pili yanakwenda zake kusini, jangwani. Hivyo hata ukianzia Nizwa, lazima upande kwanza. Mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine, sikuisema siku ile kwa kuona haya. Babu wa babu yangu alishuka kwa wadi hii akaenda kupanda jahazi la Zanzibar. Wengi wetu katika klabu hii tukiulizwa asili tunataja miji iliyo huko juu. Wote walishuka. Nilitaka nijue kupanda kukoje.

Baskeli mbili tulikuwa nazo. Mbili tulizinunua zimetumika, Mabela, kwa fundi mmoja wa Kibangladeshi ambaye alizitazama karia zetu za kufungia mizigo, akatutazama sisi, akauliza tunakwenda wapi. Tulipomwambia Nizwa kwa njia ya wadi alitupunguzia bei, nadhani kwa huruma. Alitupa na viraka kumi na kopo la solusheni bure. Tukanunua tyubu nne za akiba, pampu, cheni moja. Daktari alileta dawa za kutosha zahanati. Mimi nilileta dele la kahawa la nyumbani, ambalo kila mtu alilicheka mpaka usiku wa kwanza.

Ilibaki ruhusa.

Wazazi wangu waliniambia nikamuulize Bibi, maana yake walishakataa lakini hawataki kusema wao. Bibi alizaliwa Mwera, Unguja. Alikuja Oman mwaka 1972, mtoto mmoja mkononi na mwingine mgongoni. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza habari ya mto, nikamwonyesha na picha ya Danube. Aliitazama sana ile picha.

"Huu mto," alisema. "Huo wenu si mto. Kwetu Mwera mto uko pale pale, ukiuacha asubuhi jioni utaukuta. Huu wa huku jini. Hayupo, kisha yupo."

Kisha akanihadithia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwaka wao wa pili hapa, walikuwa wakitoka kutembelea jamaa, gari likasimama ukingoni kwa sababu wadi imeshuka. Mbele yao palikuwa na pikapu moja, na dereva wake alichoka kungoja. Bibi hakunieleza zaidi. Alisema tu kwamba jua lilikuwa linawaka, mbinguni hakuna wingu hata moja, na kwamba yeye, mtoto wa kisiwani aliyezoea bahari, hakuwa amejua kama maji yanaweza kuja bila ya mvua.

Ndiyo hatari yenyewe. Mvua inanyesha mlimani, mbali, huioni wala huisikii. Mawe na majabali hayanywi maji, basi yote yanateremka kwa pamoja, na yanamkuta mtu saa kadhaa baadaye akinywa chai kwenye mchanga mkavu. Sote tunakumbuka au tumehadithiwa Gonu ya Juni 2007, ilipoua watu karibu 50 nchini na kugeuza mitaa ya Maskati kuwa mito. Na hakuna asiyekumbuka Aprili 2024 huko Samad al-Shan, watoto wa skuli waliochukuliwa na wadi wakirudi makwao. Sheria inamwadhibu mtu anayeivuka wadi kwa makusudi ikiwa inashuka. Hata hivyo kila mwaka kuna dereva anayechoka kungoja.

Bibi alinipa ruhusa kwa masharti mawili. Kila kijiji nimpigie simu. Na tusilale mchangani. "Hata mkiambiwa na nani. Mchanga laini ni kitanda cha maji, si chenu."

Tuliondoka Jumatano ya likizo ya Januari, baada ya sala ya Alfajiri. Wanachama kama kumi na tano walikuja kutuaga, wengine na kanzu zao za kulalia. Tukapigwa picha, tukasomewa dua, tukapewa sambusa za kutosha jeshi. Katibu alitukagua kama askari wa mpakani: taa, maji, chaji ya simu. Akatuambia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ndiyo hutoa tahadhari za mvua, inasema kuna uwezekano wa mvua milimani kuanzia usiku. "Nikiwaambia tokeni, mnatoka. Hakuna mjadala." Fundi akacheka, akapiga kengele, tukaondoka kwa shangwe.

Pancha ya kwanza ilikuja kabla hatujapoteza vigelegele masikioni. Ilikuwa tairi langu. Nilitamani ardhi inimeze, maana wengine walikuwa bado wanatuona.

Kitu cha kwanza unachokikuta ni bwawa la Al Khoud, lililojengwa mwaka 1985. Ni tuta refu la zaidi ya kilomita 5, na siku nyingi za mwaka halina kitu nyuma yake isipokuwa vumbi na mbuzi. Nilikuwa nikilipita nikidhani ni mradi ulioshindwa. Mawe alinisahihisha: bwawa hili halikujengwa liwe ziwa. Kazi yake ni kuikamata wadi inaposhuka, isikimbilie baharini, ikae hapo ituame, kisha maji safi yapenye chini ya ardhi polepole kwenda kwenye visima vya mashamba ya Seeb na kuyazuia maji ya chumvi yasiingie. Bwawa ambalo likikauka limefanya kazi yake! Nililitazama kwa heshima mpya, japo mkononi nilikuwa na tairi.

Baada ya Al Khoud ya zamani, na mitende yake, njia inaingia kwenye mlima. Na hapo, wanachama wenzangu, nikajua kwamba nimesema uongo kwenye kichwa cha makala hii. Maji yapo. Kati ya majabali kuna madimbwi ya kijani, mengine yanatiririka, yana samaki wadogo wadogo ambao wanakuja kukudonoa miguu. Tulipita kwa kupanda kidogo na kubeba sana. Tumebeba baskeli mabegani, tumezisukuma kwenye kokoto, tumezivusha majini zikiwa juu ya vichwa kama wachukuzi wa bandarini. Ukitazama ramani, kutoka Al Khoud hadi Fanja si mbali hata kidogo. Sisi ilituchukua kutwa. Rafiki yetu wa Danube, siku yake ya kwanza, alisema alikwenda kilomita 60 na akapata nafasi ya kula keki mara mbili.

Mawe alikuwa peponi. Majabali meusi na ya kahawia yaliyotuzunguka, alisema, yalikuwa sakafu ya bahari. Mamilioni ya miaka iliyopita sakafu hiyo ilisukumwa ikapanda juu ya nchi kavu, na wanajiolojia wa dunia nzima wanalijua jina la Sumail kwa sababu yake. "Yaani tuko chini ya bahari, tunapanda mto usio na maji," alisema Daktari, aliyekuwa ameanza kuchechemea. "Na baskeli ya nini?"

Fanja tulifika baada ya Alasiri. Ndiyo, Fanja hiyo hiyo ya timu ya mpira. Kijiji cha zamani kimekaa juu ya jabali, kinaitazama wadi kutoka juu, na nilipokiona nilikumbuka masharti ya Bibi. Wazee hawa walikuwa na mashamba yao chini, karibu na maji, na nyumba zao juu. Walikuwa tayari kupanda ngazi kila siku maisha yao yote. Tukanunua mkate na mtindi, nikapiga simu nyumbani, tukasonga mbele kidogo kutafuta pa kulala.

Na pa kulala tulipapata. Sehemu moja wadi inapinda, na kwenye kona yake kulikuwa na mchanga mweupe, laini, safi, umejikinga na upepo. Kwa mtu aliyebeba baskeli kutwa nzima, ule mchanga ulikuwa kama godoro la harusi. Fundi alishavua viatu, akaviweka juu ya jiwe vikauke, akaanza kufungua hema.

Nikasema hapana. Nikasema Bibi amekataza.

Nimeliandika sasa na bado naona joto la uso. Wanaume wanne, wa chuo kikuu, mmoja daktari mtarajiwa, mmoja mjuzi wa majabali, na mimi naleta Bibi. Fundi alinyanyua mkono kuonyesha mbingu: buluu tupu, nyota ya kwanza imeshatoka. Akasema pale juu kwenye ukingo ni mawe matupu, atalala vipi? Akasema maneno mengine pia. Nami nikamjibu mengine, mabaya kuliko yake, kuhusu nani aliyetupotezea saa nzima mchana kwa kufungua gia ambayo haikuwa mbovu. Mawe alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniudhi zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayejua. Tulisimama pale kama wapumbavu, jua linazama.

Simu ikalia. Katibu. Ujumbe wake ulikuwa na maneno matatu: "Tokeni mchangani. Sasa."

Tulipandisha mizigo kwenye ukingo, juu sana, kwenye uwanja wa mawe wenye mgunga mmoja. Hakuna aliyezungumza na mwenzake. Niliwasha moto, nikatia dele, na hapo ndipo dele lilipopata heshima yake, kwa sababu kahawa ni kitu unachoweza kumpa mtu mliyegombana naye bila ya kusema neno. Fundi aliipokea finjani bila ya kunitazama. Alipoimaliza aliitikisa, kwa adabu, kwamba inatosha.

Mvua haikutunyeshea hata tone. Usiku tuliona umeme upande wa kusini, mbali, nyuma ya milima, bila ya sauti. Mawe alihesabu, akasema uko mbali sana hata ngurumo haifiki. Tukalala, kama unaweza kuita kulala, kila mtu na jiwe lake mgongoni.

Kabla ya Alfajiri niliamshwa na mlio nisioujua. Nilidhani ni malori barabarani. Mawe alikuwa ameshasimama na tochi. Alimulika chini na hatukuona kitu ila giza linalotembea. Kulipopambazuka tukaona: maji ya rangi ya chai ya maziwa, upana wa barabara, yanakwenda kwa kasi, yamebeba matawi, makopo na ndoo moja ya buluu. Sitaki kutia chumvi. Haikuwa Gonu. Kwenye ile kona yetu yalikuwa yanafika gotini, pengine juu kidogo. Daktari alisema maji ya goti kwa mwendo ule yanamwangusha mtu mzima aliyesimama, na sisi tungekuwa tumelala, ndani ya mfuko wenye zipu.

Fundi alikuwa anatazama lile jiwe lake. Viatu alivisahau pale juu jana, tulipogombana. Kimoja kilikuwepo bado, kimekwama. Cha pili kilishakwenda Seeb.

Hakusema kitu. Alikwenda akakoka moto, akatengeneza chai ya watu wote, akanipa mimi kwanza.

Siku ya pili sina mengi ya kuisifu. Tuliiacha wadi, tukachukua barabara ya lami ya pembeni, Fundi akikanyaga pedali kwa makobadhi. Bidbid tuliiona ngome yake na njia panda ya Sharqiyah. Wenye asili ya Ibra na jirani zake watakuwa wanaijua. Mbele kidogo kuelekea Sumail barabara ndogo inakata tawi moja la wadi kwa chini, bila ya daraja, na pembeni zimesimama nguzo za rangi za kupimia maji. Maji yalikuwa yameshapanda kwenye nguzo, na magari yamejipanga foleni pande zote mbili. Tukakaa. Daktari alikuwa anatazama saa. Jumamosi alikuwa na zamu ya mafunzo hospitalini, hana ruhusa ya kuikosa. "Yanapungua," akawa anasema. "Tukishikana mikono..." Na aliyemzuia ni Fundi. Alisema kwa upole, akimwonyesha kobadhi lake, "Kaa chini, Daktari."

Tulikaa saa nne. Katika saa ya pili mzee mmoja alishuka kwenye gari lake, akatusikia tunavyobishana, akaja taratibu akatusimamia.

"Nyinyi watoto wa nani?"

Kwa Kiswahili. Tukasimama wote, tukamwamkia, tukajitaja mmoja mmoja mpaka kwa mababu, naye kila jina analipokea kwa kichwa, kama karani anayetia tiki. Amezaliwa Wete, Pemba, kwenye mikarafuu, na nyumba ya kwao ni hapo mbele, Sumail. Alitaka kujua kwa nini vijana wenye macho mazima wanapanda wadi na baskeli. Nilimweleza habari ya babu wa babu yangu. Akanyamaza, kisha akasema kwamba baba yake alipokuwa Pemba, mvua kubwa ikinyesha usiku, alikuwa hawezi kulala. Anakaa barazani anauliza: sijui Sumail wadi imeshuka? "Sisi watoto tulidhani wadi ni mtu."

Ni yeye aliyetukumbusha kwamba Abu Muslim al-Bahlani ni mtu wa hapa, wa Wadi Mahram. Walimu wetu mara nyingi wanamtaja kama mshairi mkubwa wa Kiarabu aliyeishi Unguja, kadhi, mhariri wa gazeti la Al-Najah lililoanza mwaka 1911. Alifariki huko huko Unguja mwaka 1920, na hakurudi tena kwenye bonde hili ambalo katika mashairi yake anazitaja sehemu zake moja moja kwa hamu. Nimeyasoma mashairi yale darasani nikayaona ni majina ya mahali tu, nikayaruka. Pale ukingoni, na tope miguuni, nilijuta.

Maji yalipoachia nguzo, askari alifungua njia. Daktari alipata lifti ya pikapu kurudi Maskati, yeye na baskeli yake. Hakutaka kutuaga vizuri, alikuwa na hasira za kuondoka. Sisi watatu tulilala kwenye sabla ya jamaa wa yule mzee, kwenye mazulia, na tulikula tende za Sumail mpaka tukaona aibu. Usiku huo Katibu alituma picha. Alikuwa amekwenda na wenzake kwenye bwawa la Al Khoud: maji ya rangi ya chai ya maziwa yametanda nyuma ya tuta, na watu wa mtaani wamekuja na watoto wao kuyatazama. Yalikuwa maji yetu. Sisi tulipanda, yeye akayapokea.

Ijumaa ndiyo siku tuliyoendesha baskeli kweli kweli. Mpango wa awali ulikuwa kuwahi soko la mbuzi la Nizwa, ambalo huwa Ijumaa asubuhi, lakini soko hilo tulishalikosa tukiwa bado Sumail. Njia inapanda polepole, hukuoni kupanda, mapaja tu ndiyo yanakuambia. Karibu na Izki, zaidi ya mita 500 juu ya bahari, Mawe alisimama ghafla, akachukua chupa yake akamimina maji kidogo barabarani. Yakasita, kisha yakaanza kwenda mbele yetu. Huko mbele ni Wadi Halfayn, inayoteremka kusini. Fundi alisema barabara zote zinachongwa mteremko na wahandisi, huo si ushahidi. Walibishana hadi msikitini.

Izki tuliswali Ijumaa, tukaenda kuutazama Falaj al-Malki, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Birkat al-Mawz, ambayo maana yake ni birika la ndizi, tuliona migomba halisi, na nikampigia Bibi kumwambia. Aliuliza ndizi gani, sikujua. Hapo ndipo unapoanzia mlima mkali wa Jabal al Akhdhar, ambao waendesha baskeli wa mashindano ya Tour of Oman hupandishwa wakitoa ulimi. Tuliutazama kwa chini, tukaupa salamu, tukaenda zetu. Nizwa tuliingia jua linakaribia kuzama, tukapitiliza mpaka Falaj Daris, tukatia miguu. Ya Fundi ilikuwa imeungua jua kwa mistari ya kobadhi.

Bibi nilimpigia kutoka hapo hapo. Hakuuliza kama nimechoka.

"Ilishuka?"

"Ilishuka, Bibi. Siku ya kwanza, alfajiri."

"Mlikuwa wapi?"

"Juu. Kwenye mawe."

Alinyamaza kidogo. Nilisikia mchele unaanguka kwenye ungo. "Haya," akasema. "Ndizi uje nazo."

Daktari ameshatusamehe, na anadai safari ijayo ianze Alhamisi ili asikose mwisho wake. Mwezi wa Machi, kama Katibu ataridhika na mbingu, tunataka kuanzia Izki tufuate Wadi Halfayn kwenda kusini, mpaka pale itakapotuchosha. Baskeli za akiba zipo mbili. Anayetaka kuja ajiandikishe kwa Katibu kabla ya mkutano ujao, alete barua ya mzazi, taa, tyubu mbili, na viatu vya ziada.